Elsie Anapokataa

Buya ni mkulima wa Minjila. Akiwa kwenye migomba yake, alimsikia binti yake Elsie akicheka nyumba ya pili, kwa Hudson, baba mdogo wa Elsie. Wivu ukamkaba. Kwake Elsie hacheki.

Sababu aliijua, ila hakutaka kuitaja. Alikuwa akiwapiga Elsie na mama yake, Metrine. Tangu mafuriko yaliyopita hakuwa ameinua mkono, akadhani mambo hayo yameisha. Lakini akiingia ndani, Elsie husimama na kunyamaza.

Akaenda kwa Hudson. Akamkuta akisema, "Elsie, niletee maji."

"Sitaki, baba mdogo. Nimechoka."

Hudson akacheka, akaenda kuchota mwenyewe. Buya akachemka.

"Kuanzia leo usikanyage hapa."

"Ndiyo, baba," Elsie akasema, macho chini.

Dahabo, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa akipita. Alisikia yote, akamwita Buya pembeni.

"Buya, wewe unamwonea ndugu yako wivu."

"Anamharibu mtoto. Mimi hathubutu kunikatalia. Ananiheshimu."

"Anakuogopa. Mtoto humkatalia mtu anayemwamini."

Neno hilo lilimuuma Buya. "Lakini nimeacha kupiga, Dahabo. Nifanye nini tena?"

"Umemwambia ulikosea? Na mama yake? Omba msamaha, lakini usilazimishe akusamehe. Usimkataze kwenda anakofurahi. Muulize mambo yake, usikilize. Hasira ikipanda, toka nje kwanza. Itachukua muda."

Jioni Buya alimwomba Metrine msamaha. Kisha akaketi chini, mbali kidogo na Elsie.

"Nilikupiga. Kosa lilikuwa langu, si lako. Kwa Hudson nenda ukitaka."

Elsie aliinuka. Alitoka, akakimbilia kwa Hudson. Wivu ulimchoma Buya, lakini alibaki ameketi.

Kila jioni alimuuliza habari za shule. Mwanzoni alijibiwa, "Nzuri, baba," basi. Baadaye Elsie akaanza kumsimulia ugomvi wake na rafiki yake, naye Buya akasikiliza mpaka mwisho.

Mpunga ulipokaribia kuiva, Buya alisema, "Elsie, nenda ukafukuze ndege shambani."

"Sitaki, baba. Jana nilienda mimi. Leo nenda wewe."

Elsie akashtuka kwa maneno yake mwenyewe. Akaitazama mikono ya baba yake.

"Ni kweli," Buya akasema. "Zamu yangu."

Alipopita kwa Hudson, hakuweza kujizuia.

"Amenikatalia," alisema kwa maringo. "Leo amenikatalia mimi."