Kabati la Mbao za Kitanda

Haya yalimpata rafiki yangu Ngatmin, seremala wa mji wa Jepara, nami sitii chumvi.

Alikuwa akijiundia kabati la vyombo vyake vya kazi katika karakana ya nyuma ya nyumba. Misumeno na patasi zilikuwa zimeshapangwa ndani dada yake Kasmirah alipopita, akakigusa kiguzo cha kona.

"We Ngatmin! Upande wa shina umeuelekeza juu? Mti husimamishwa ulivyoota. Baba angekuchapa!"

"Ni kabati tu, Dada, si nyumba," alicheka.

"Na mbao nzuri hizi umezitoa wapi?"

"Sokoni."

Hakuthubutu kumtazama. Zilikuwa mbao za kitanda cha mama yao, kitanda ambacho alimwambia Kasmirah kimeliwa na mchwa. Juu yake mama aliugua hadi akafa, na alipotaka maji aligonga ubavu wa kitanda kwa kifundo cha kidole. Mara nyingi Ngatmin alimsikia, akaendelea kupiga randa.

Mvua ikashuka, umeme ukakatika. Gizani, ndani ya kabati, kitu kikagonga polepole. Kikanyamaza. Kikagonga tena.

"Nani huyo?" Kasmirah alinong'ona.

Ngatmin alijaza maji bilauri, akaiweka kati ya patasi, akafunga mlango.

"Nisamehe, Mama," alisema, na Kasmirah akamsikia.

Kugonga kukakoma. Umeme uliporudi, Kasmirah ndiye aliyefungua kabati. Bilauri ilikuwa palepale, imepinduliwa kitako juu. Haikuwa na hata tone, na ubao chini yake ulikuwa mkavu.