Namba Nilizozitunga

Kila mchana, binti yangu Joëlle akitoka shule, hula haraka na kwenda kwa Profesa Zéphirin, hapa hapa mtaani kwetu Mikelenge, mjini Kindu. Profesa ana miaka themanini na mmoja. Chuo kikuu kilimstaafisha zamani, lakini bado anawafundisha watoto wa jirani hesabu na fizikia barazani kwake, bila malipo. Wakiondoka, hurudi kwenye utafiti wake. Kwa kalamu na karatasi tu, anatafuta jinsi chembe za bati, lile la migodi ya Kalima, zinavyojipanga linapopoa.

Juzi Joëlle alirudi akicheka.

"Papa, Profesa anagombana na daftari. Anasema kila hesabu inakwamia ukurasa wa arobaini na moja, sasa ni miaka ishirini na kitu."

Sikumaliza chakula.

Mwaka 1999 vita vilimfungia Profesa hapa Kindu. Daftari lake lilikuwa limelowa mvua alipokuwa akikimbia kutoka Kisangani, likaanza kuoza. Akatukusanya watoto wanne wenye mwandiko mzuri ili tulinakili kwenye daftari jipya. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana. Nilizivuta kwa pupa, moja ikachanika, na safu nzima ya namba ikapotea.

Sumaili, aliyekaa kando yangu, alininong'oneza, "Mwambie."

"Mwambie wewe, mdomo mrefu."

Nikatunga namba kumi na moja kichwani mwangu, nikaziandika kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Profesa akanisifu kwa mwandiko, na daftari bovu likachomwa. Mwaka uleule niliacha shule. Siri sikuiacha.

Kesho yake nilimfuata Joëlle hadi barazani kwa Profesa. Watoto walikuwa wamejaa kwenye mabenchi.

"Profesa, njo miye, mimi mwenyewe, niliandika ukurasa ule," nilisema. "Namba zile si zako. Nilizitunga."

Hakupaza sauti. Alifungua daftari, akaukata ukurasa kwa mstari mmoja, kisha uliofuata, kisha uliofuata. Baadaye mkono ulichoka, akaliweka chini.

"Na yale madaftari mengine sita uliyoyaandika baada ya hili?" Joëlle aliuliza.

"Yote yamejengwa juu ya hizo namba." Profesa akanigeukia. "Ungesema siku ile, ningekuchapa, kisha tungekaa tukazitafuta upya. Ilikuwa kazi ya wiki tatu."

"Nisamehe, Profesa."

"Kusamehe nitakusamehe. Miaka ndiyo sina."

Joëlle alikuwa ananitazama. Alikuwa hajawahi kunitazama vile.

Profesa alichukua karatasi safi. "Kaa. Leo tunaanza. Joëlle atasoma, wewe utajumlisha."

Nikabanana na watoto kwenye benchi la mbele. Profesa akawaambia:

"Sikilizeni. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama fimbo inakungoja. Kosa la leo, mtoto analirekebisha. Ukilificha, mwenzako atajenga juu yake bila kujua, na siku utakayosema, atakuwa mzee kama mimi."