Herufi ya Kumi na Tatu

Kila Jumanne, masomo yakiisha, Kanze alikuwa wa kwanza kufika katika chumba cha kompyuta. Mwaka ule wa 1994 shule yao ya Changamwe ilikuwa na kompyuta moja tu, na yeye, mwanafunzi wa darasa la saba, aliipangusa vumbi kabla wenzake wa chama cha kompyuta hawajaingia. Kwa hiyo Mwalimu Gershom, mlezi wa chama, alipomchagua Dhahabu aandike programu ya majina ya wanafunzi waliopimwa macho ili wapewe miwani, Kanze aliona ameonewa. Dhahabu alikuwa amejiunga na chama juzi tu. Sasa kila mtu alimsifu, na hata Mutua, aliyezoea kukaa na Kanze, alihamia kwa Dhahabu.

Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba kila herufi huchukua baiti moja ya kumbukumbu, na pengo kati ya maneno mawili nalo huchukua moja. Jina likizidi nafasi liliyotengewa, kompyuta hulikata mwisho wala haisemi kitu.

Siku moja Kanze aliichungulia programu ya Dhahabu. Kila jina lilitengewa baiti kumi na mbili. Katika orodha alimwona Mwanasaumu Mbwana wa darasa la tatu na Mwanasaumu Mwinyihaji wa darasa la nne, akahesabu kwa vidole. Mwanasaumu ni herufi kumi, pengo la kumi na moja, M ya kumi na mbili. Wote wawili wangeandikwa "Mwanasaumu M". Akafungua mdomo, kisha akaufumba. Na aaibike, alijiambia, waone wamemchagua nani.

Miwani ilipoletwa, majina yalibandikwa kwenye vikasha na ikagawanywa. Hakuna aliyelalamika. Dhahabu alipigiwa makofi mbele ya shule nzima, na Kanze akazidi kuumia.

Wiki iliyofuata alimkuta Mwanasaumu Mbwana ameketi nje ya darasa lake, ameinamisha kichwa. Mtoto yule akamwambia kichwa kinamuuma tangu avae miwani, ubao hauoni, na mwalimu wake anadhani ni mvivu.

Kanze alishindwa kula chakula cha mchana. Akaenda ofisini kwa Mwalimu Gershom, akamkuta na Dhahabu.

"Shikamoo, Mwalimu. Miwani ya wale Mwanasaumu wawili imebadilishana. Programu iliyakata majina yao."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Nilihesabu kabla hayajachapwa," alisema, macho chini. "Nikanyamaza. Nilitaka Dhahabu aaibike."

Watoto wale waliitwa, wakabadilishiwa miwani. Mwanasaumu Mbwana akasoma tangazo la ukuta wa mbali bila kukunja uso.

"Dhahabu alikosa kuhesabu, na kosa hilo husahihishwa kwa dakika moja," Mwalimu alimwambia Kanze. "Wewe ulihesabu sawasawa. Lakini wivu wako haukumuumiza Dhahabu. Umemuumiza mtoto asiyekukosea lolote. Ujuzi unaofichwa kwa wivu haumfai mtu, hata mwenyewe."

Kanze alimwomba radhi Dhahabu na mtoto yule. Dhahabu akaenda naye chumba cha kompyuta, akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Tuweke baiti ngapi?" aliuliza.

"Kwanza tutafute jina refu kuliko yote," Kanze akajibu, akaketi.