Kaseti ya Michezo 999

Kila Jumamosi Chepkurui alichuma majani chai pamoja na mama yake, Elmina, kabla ya kuruhusiwa kucheza gemu. Televisheni yao ilitumia betri ya gari. Mashine ya gemu alikuwa ameletewa na mjomba wake kutoka Nairobi, pamoja na kaseti moja iliyojigamba kwenye jalada: michezo 999! Loo, uongo mtupu! Ilikuwa saba tu, imerudiwarudiwa kwa majina mengine, na wa tatu uliganda kabla hujaruka shimo la kwanza.

"Takataka!" Chepkurui alifoka.

Jumatatu shuleni alimwimbia rafiki yake Fancy wimbo mwingine. "Kaseti yangu ni moto! Hutaimaliza hata ukifika sekondari. Nipe ile yako ya vifaru vya vita, tubadilishane."

Fancy alisita. Kaseti ya vifaru ilikuwa kuukuu, lakini ndiyo aliyokuwa akicheza na kaka yake Kiplimo kabla hajaenda kufanya kazi Mombasa. Hata hivyo, Chepkurui alikuwa rafiki yake tangu nasari. Akakubali.

Siku mbili baadaye Fancy alikuja amefura. "Rudisha kaseti yangu! Kiplimo anakuja Krismasi, tutacheza nini?"

"Tulikubaliana," Chepkurui alijibu, akamgeuzia mgongo.

Fancy akahamia dawati lingine. Darasa zima likajua, na hakuna aliyetaka kucheza mpira wa kati na Chepkurui. Huko nyumbani, mchezo wa vifaru ulihitaji watu wawili. Kifaru cha pili kilisimama tu pale pembeni, bila mtu. Chepkurui aliuchukia mchezo huo, akamchukia na Fancy.

Jumamosi alichuma kwa hasira. Badala ya majani mawili na chipukizi yanayotakiwa, alijaza kikapu majani magumu, akayafunika kwa machanga. Walipofika kituo cha kununulia chai, karani, Bwana Onsongo, alikimwaga kikapu chote mezani.

"Mama Chepkurui, haya ni ya ng'ombe? Ondoa!"

Fancy alikuwa kwenye foleni. "Si ndivyo alivyo! Juu chipukizi, chini mabua. Hata kaseti yake ni vivyo hivyo!"

Watu wakaangua kicheko. Elmina hakucheka. "Kaseti gani?"

Chepkurui alieleza yote huku akilia. Mama yake alimwamuru ayachambue majani yale, moja moja, mbele ya watu. Kisha wakapitia nyumbani kuchukua kaseti, wakaenda kwa kina Fancy.

"Shika kaseti yako," Chepkurui alisema. "Yangu ni mbovu. Nilijua."

"Ulijua?" Fancy alimkazia macho. "Ungeniambia tu ni mbovu, ningekuja tuicheze tukiicheka! Kwa nini ulinifanya mjinga?"

Chepkurui alimnyoshea kaseti. "Nisamehe."

Fancy alichukua kaseti, akabamiza mlango. Mama na mtoto wakaanza kurudi. Hawakuwa wamefika mbali mlango ulipofunguliwa.

"We Chepkurui!" Fancy aliita, bado amenuna. "Kifaru cha pili hakina mtu."

Chepkurui alimtazama mama yake.

"Nenda," Elmina alisema. "Lakini kumbuka, mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Jalada huandikwa chochote, na kikapu hupambwa juu, lakini mezani vyote humwagwa. Kitu kibaya kiite kibaya mapema, ukiwa bado una rafiki wa kumwambia."