Macho ya Mama Hayasubiri

Duka la fundi kompyuta lilifurika watu, na feni ya dari ilizungusha joto lile lile. Nesi, angali na sare yake nyeupe ya zamu, alikumbatia diski yake kama mtoto mchanga. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati la bluu limenyooka kwa pasi.

"Samahani dada, hiyo diski ina homa?"

"Ina video za safari zangu zote. Ikifa, nimekwisha."

"Basi pita mbele yangu. Mimi nimeleta spika tu."

"Lakini mimi tayari niko mbele yako."

"Ndiyo maana nimeona nikukarimu."

Nesi alicheka mpaka watu wakageuka. Diski ilipona, na kijana, fundi sauti wa redio, akawa Mrefu wake. Wakawa wakiandikiana mtandaoni asubuhi na jioni, mpenzi huku, laazizi kule.

Kisha daktari wa macho akamwambia Nesi ukweli kuhusu mama yake: nuru ilikuwa inaondoka na haitarudi. Mama huyo hakuwahi kusafiri. Kila Nesi aliporudi kutoka safarini, mama alisikiliza masimulizi yake, shavu mkononi. Na video? Nesi alikuwa amewakatia watazamaji wa mtandaoni vipande vifupi vifupi. Nyingine zote zilikuwa zimelala kwenye diski.

"Napumzika mitandao," alimwambia Mrefu. "Mpaka niziunganishe, mama azione."

"Pumzika, mpenzi."

Mrefu alidhani ataacha kubandika picha tu. Nesi alifuta kila kitu, hata kule walikozoea kuandikiana, na kichwa kilivyojaa, hakukumbuka kumwambia.

Alikata, akaunganisha, akakata tena. Mdogo wake alimwonya, "Dada, watu watakusahau."

"Wanisahau. Ninayetaka aone ni mmoja."

Lakini Mrefu alipoa. Nesi akipiga simu, anajibiwa, "Niko studio," basi. Akajiambia kumbe alipendwa yule wa mtandaoni. Alilia, akanawa uso, akarudi kazini.

Kilichomshinda ni video ya maporomoko ya maji. Upepo ulikuwa umemeza sauti yake pale alipokuwa akisema, "Mama, tazama." Angeweza kuikata sehemu hiyo. Badala yake alivaa gauni lake la kijani, akaenda redioni.

"Sijaja kubembeleza," alimwambia Mrefu mlangoni pa studio. "Namtafuta fundi sauti."

"Yupo. Ila nilidhani umeshanijibu."

"Nimekujibu nini?"

"Nilikuandikia kwamba nataka kukuoa, na shangazi yangu anataka kukuona. Ukanyamaza."

"Uliandika wapi?"

"Kule kule kwetu."

"Kule kule nilishafuta, Mrefu."

Mrefu alikaa chini taratibu. Nesi akamtazama, hasira na huruma zikigombana.

"Urefu wote huo, ukashindwa kuniuliza kwa simu?"

"Niliogopa kusikia hapana kwa sauti yako."

"Na mimi nimelia bure. Usinifanyie hivyo tena." Akaweka diski mezani. "Shangazi bado ananitaka?"

"Ananiuliza kila siku."

"Mlete siku video ikiwa tayari. Sasa nitolee huu upepo."

Mrefu alivaa vipokea sauti, akainama kazini. Upepo ulipungua kidogo kidogo, mpaka sauti ya Nesi ikatoka.

Siku ya kutazama, mama alivuta kiti, pua karibu iguse kioo cha televisheni. Reli zilipita, milima ikapita, maji yakaporomoka.

"Rudisha hapo," alisema, machozi yakimtiririka. "Kumbe yanang'aa hivi."

Nesi alirudisha. Mlango ukagongwa. Mrefu aliingia, na nyuma yake mwanamke mnene aliyejifunga kitambaa cha zambarau kichwani.

"Nani hao?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Ni Mrefu, mama, na shangazi yake. Wamekuja kuniposa."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekubali, mama."

Mama alipapasa kiti cha pembeni. "Basi karibuni. Shangazi, kaa hapa karibu nami, tumalize safari kwanza."