Sauti Katika Santuri ya Tarumbeta

Santuri ile ilikuwa ya tarumbeta tupu. Hakuna aliyeimba ndani yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo binti yake alipouliza, huku anatafuna kalamu, "Baba, huyo bibi anayeongea ni nani?" daktari wa meno alicheka tu, akamwambia amalize hesabu zake.

"Anasema Mtoro," mtoto akaendelea. "Mtoro, Mtoro. Mtoro ndio nani?"

Kicheko kikamkauka. Jina hilo hata mkewe hakulijua. Aliyemwita hivyo ni mama yake peke yake, kwa tabia yake ya utotoni ya kutoroka kila alipoambiwa alale mchana, na mama huyo alifariki yeye akiwa bado masomoni, bila kuacha hata neno moja lililorekodiwa popote.

Gramafoni za zamani zilikuwa ugonjwa wake. Zilijaa sebuleni, na mkewe, mwalimu wa hisabati, aliwatania wageni kwamba yeye ni mke mwenza wa masanduku. Daktari alizipangusa kila alipotoka kazini. Alipenda uzito wa mkono wa mashine unaposhuka, sindano inapogusa santuri, na ile michakacho midogo inayotangulia muziki, kama mafuta yanayopata moto kikaangoni. Muziki wa kwenye simu, alisema, ni maiti iliyopakwa poda. Hii mpya, ya sanduku la mbao nyekundu na mkono uliopinda kama shingo ya bata, aliitoa kwenye nyumba iliyofiwa na mzee wao. Mke wa mtoto wa marehemu ndiye aliyemuuzia. Hakutamka neno, alionyesha kwa vidole tu, na daktari akadhani ni bubu wa kuzaliwa.

Jioni hiyo alipiga magoti, akabandika sikio kwenye spika. Nyuma ya tarumbeta, mbali kama mtu aliye chumba cha tatu, mama yake alikuwa akimwita. Harufu ya mafuta yake ya nywele ikatoka kwenye kitambaa cha spika, tamu, ikifuatwa na harufu nyingine ambayo daktari aliijua kuliko wote mtaani: ya jino lililooza hadi kwenye mzizi. Hakuinua kichwa.

Tangu hapo akawa anafunga kliniki mapema. Alijifungia sebuleni, na kila siku mama alisogea karibu kidogo. Alimuuliza kama anakula vizuri. Alimsifia. Alimwambia hajaona mwana mwenye moyo kama wake, maneno ambayo mama yake, alipokuwa hai, hakuwahi kumwambia.

Mtoto wao alikuwa na miaka saba, na nyumbani walimwita Redio, kwa sababu alizimwa na usingizi tu. Alisimulia ndoto zake akiwa bado anapiga mswaki. Sasa akaanza kukauka koo. Walimpeleka hospitali, wakaambiwa koo ni safi. Akapewa dawa ya maji, akaimaliza, na sauti ikazidi kupungua, ikawa kama karatasi inayosuguliwa ukutani. Mwalimu, mke wa daktari, ambaye kazi yake ni kuona jinsi kimoja kinavyopungua kingine kikiongezeka, alikaa jikoni siku kadhaa akisikiliza. Kisha akaenda kwenye ile nyumba iliyouza mashine.

Aliporudi alimkuta mumewe kitandani anavua viatu. Akafunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini, ingawa Redio alikuwa bafuni na maji yanamwagika.

"Yule mwanamke si bubu. Alikuwa anauza samaki sokoni, jirani yake anasema ukimsikia anaita wateja unaziba masikio. Mkwewe, yule mzee aliyekufa, alikuwa anamsikiliza marehemu mkewe kwenye mashine ile. Kila mzee akisikiliza, huyu mkwe anapungukiwa sauti. Mpaka ikaisha."

Daktari aliendelea kulegeza kamba.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Mbona hushtuki?"

Alipanga viatu sawasawa chini ya kitanda. "Nilikuwa nimeshaanza kuona," akasema. "Nilidhani itaishia kwenye kukauka. Mtoto anaongea sana, mama Redio. Nilidhani ana akiba."

Mkewe alimtazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Hakumfokea. Alikwenda sebuleni na koleo, akaing'oa sindano ya gramafoni, akaitia kwenye mkoba wake. Daktari akaapa kwamba kesho, akitoka kliniki, ataitupa mashine mwenyewe.

Kesho yake mchana mwalimu akiwa shuleni, daktari alirudi na sindano nyembamba ya kuchomea ganzi mfukoni mwa koti. Aliikata, akaipachika kwenye mkono wa mashine, akajifungia. Alitaka kumuaga tu, ndivyo alivyojiambia. Tarumbeta haikulia kabisa safari hii. Mama alianza moja kwa moja, karibu, pumzi yake ikimgusa shavu, akimwomba asimwache tena gizani, akimkumbusha jinsi alivyombeba mgongoni, akimwita Mtoro kwa utamu uliomfanya apige magoti na kulia, na huku nyuma yake, kwenye mlango alioufunga kwa ufunguo, viganja vidogo vikaanza kupiga mbao, kwanza polepole kama mtu anayebisha hodi, kisha kwa fujo, kisha kwa miguu pia, bila kilio wala neno la kuandamana navyo, na daktari alijua ni nani aliyekuwa upande wa pili na ni kitu gani kilichokuwa kinamtoka kooni, na mkono wake ulifika hadi juu ya sindano, ukabaki pale, kwa sababu mama alikuwa bado hajamaliza anachosema.

Alipofungua, Redio alikuwa amekaa sakafuni, mdomo wazi. Hakukuwa na hata mkwaruzo.

Jioni mwalimu alirudi na mganga, mwanamke mnene aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba na kutibu watu wenye majini nyuma ya banda lake. Mganga alinusa spika, akamshika mtoto kidevu, akachungulia kooni.

"Jini huyu haibi," alisema taratibu. "Huyu hupewa. Na huwa anarudisha, ila aliyetoa cha mwenzake lazima atoe cha kwake. Aweke kiganja juu ya santuri, aseme, chukua yangu."

"Nitaweka mimi," mwalimu akasema.

"Wewe hukutoa kitu."

Wote wakamgeukia daktari, pamoja na mtoto. Alitazama kiganja chake, akakifuta kwenye suruali.

"Na wagonjwa wangu?" akauliza. "Nitawaambiaje wafungue mdomo?"

Mganga alisubiri hadi chai aliyokaribishwa ikapoa, kisha akalibeba sanduku hadi uani, akalipasua kwa jiwe, akalichoma. Moshi uliotoka ulikuwa mzito, na harufu ya jino bovu ikawafanya majirani wafunge madirisha. Katikati ya moto kitu kilipiga kelele kwa sauti ya muuza samaki anayeita wateja, kisha kikanyamaza.

"Nimemtoa kwenye sanduku," mganga akasema huku anafunga mfuko wake. Hakumtazama mtu usoni. "Kwenye sanduku hayumo tena."

Akaondoka bila kuaga.

Walikaa mezani watatu, chakula kimewekwa, hakuna anayekula. Mwalimu alikuwa amempakata Redio ingawa ni mkubwa mno kupakatwa. Ndipo sauti ikatoka, ya mwanamke mzima, ya upole, wazi kuliko ilivyowahi kuwa kwenye spika.

"Mtoro, mwanangu. Mbona huli?"

Mwalimu alimziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Chini ya kiganja midomo ilikuwa imefungwa, mikavu, haichezi, na machozi ya mtoto yalikuwa yanamtiririkia kwenye vidole. Sauti iliendelea vilevile kooni mwake, ikiuliza habari za kazi, ikisifia.

Daktari alivuta kiti chake karibu, uso umemng'aa.

"Mwachie," alimnong'oneza mkewe. "Usimzibe. Mwachie aseme."