Lumbesa Juu ya Tela

Je, wewe ungethubutu kumzibia njia mjomba wako mbele za watu, mjomba huyohuyo anayekununulia sare na madaftari? Zena alithubutu, naye alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Kila Jumamosi Zena aliamka mapema nyumbani kwao Ilala, akafagia ua, akachemsha chai ya tangawizi. Kisha yeye na mama yake, Mboni, walipanda pikapu ya mjomba Kitwana kwenda Magomeni kwenye ghala la mchele. Mama alinunua kwa gunia, akauza kwa pishi sokoni Kariakoo. Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyesafirisha mzigo, na siku hizi alikuwa amefunga tela nyuma ya ile pikapu yake ya kijani. Wakati wa kurudi mama alikaa juu ya magunia kwenye tela, kanga ameikaza kiunoni, ili wezi wasichomoe mchele njiani.

Jumamosi iliyopita, walipokuwa wakiteremka kwenda Jangwani, Zena alikuwa amekaa mbele na mjomba. Aliona mguu wa mjomba umekanyaga breki mpaka mwisho, na gari bado linakwenda. Tela lilikuwa linalisukuma! Akageuka nyuma. Mama alikuwa ameng'ang'ania kamba kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

Katikati ya wiki Zena akamwendea fundi wa magari wa mtaani kwao, mzee Leodegar, akamuuliza.

"Tela lile halina breki, mjukuu wangu," fundi alimwambia. "Linasimamishwa na breki za gari. Ndiyo maana waliounda gari wakaandika kwenye kibao cha bati, pale mlangoni, mwisho wa uzito wa kuvuta. Na tela lenyewe limo humo kwenye hesabu."

Basi Jumamosi hii magunia kumi na mawili yalipokwisha kupakiwa na mama akawa anataka kupanda, Zena alikwenda akakaa juu ya chuma kinachounganisha tela na gari.

"Ondoka hapo, tunachelewa," mjomba alisema.

"Siondoki, mjomba. Mzigo umezidi."

Wachukuzi wakaangua kicheko. "Leo tumeletewa mwalimu!" alisema mmoja wao, Shomari. "Mwalimu, kengele ya mapumziko lini?"

"Zena, usinitie aibu," mama alinong'ona.

Mjomba akapiga kofi kwenye mlango wa pikapu, palepale penye kibao. "Mimi pia najua kusoma! Hapa wameandika ratli elfu mbili na mia tano. Gunia ni ratli mia mbili. Mara kumi na mbili, elfu mbili na mia nne. Umezidi wapi?"

"Na tela lenyewe halina uzito? Na mama je, ni unyoya?"

"Mtoto una mdomo wewe!"

"Nina mdomo, mjomba, na mama ni mmoja tu. Hebu tazama magunia yenyewe. Yote ni lumbesa."

Watu wakayatazama. Kweli, kila gunia lilikuwa limejazwa mpaka juu ya mdomo, kisha likaongezwa kilemba cha mchele na kushonewa kamba. Ndivyo wanunuzi walivyopenda, maana kwa bei ya gunia moja walipata gunia na ziada. Wote waliliita gunia, na kila gunia walilihesabu ratli mia mbili.

"Pima moja tu," Zena alisema, machozi yakimlengalenga, lakini hakusogea. "Likiwa mia mbili, nitaondoka mwenyewe na unichape."

Shomari alikuwa ameacha kucheka. Akalibeba gunia moja mpaka kwenye mizani ya ghala. Ratli mia mbili na sabini!

Mjomba akalipima la pili mwenyewe. Likawa vilevile. Akasimama, midomo ikihesabu. Tela tupu lilikuwa na ratli mia tano, kwa hiyo za mchele zilibaki elfu mbili tu.

"Yanafaa saba," alisema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Shomari, shusha matano. Nitayarudia. Dada, njoo ukae mbele."

Wakaondoka, Zena katikati ya watu wazima wawili. Katikati ya mteremko, mtu mwenye mkokoteni wa madafu akakatiza barabara ghafla. Mjomba akakanyaga breki. Pikapu ikatikisika, ikalia, ikasimama. Mwenye mkokoteni akapita salama, akitukana.

Mjomba hakutukana. Alifuta jasho kwa kiganja. "Yangekuwa kumi na mawili, yule mtu angekuwa chini ya gari," alisema. "Sikia, Zena. Gari halijui mazoea yetu. Sisi tukiita lumbesa gunia moja, breki zinaubeba uzito wake wote. Kuanzia leo tunapima kwanza. Na ukiona hatari, sema, hata kama ninayekosea ni mimi. Ila mbele za watu, punguza ukali kidogo."

"Nitapunguza, mjomba, nikisikilizwa mapema."

Mjomba akacheka bila kutaka.

Mama alikuwa akisikiliza, mikono mapajani. Sasa akamgeukia mdogo wake.

"Kitwana, tangu ulipolifunga hilo tela nimekuwa nikitaka kukuambia, nikaona haya. Kule juu naogopa. Sipandi tena."